Namna ya Kuadhimisha Solistasi ya Desemba Ukiwa Kisumu

Ukimwuliza mtu wa Kisumu ni siku gani iliyo fupi kuliko zote katika mwaka, hatakuwa na jibu, wala hana haja nalo. Mchana wetu huwa wa saa 12 na dakika 7 hivi, Januari hadi Desemba, na tofauti kati ya mchana mrefu zaidi na mfupi zaidi haifiki hata dakika moja. London, tarehe 21 Desemba, mchana hudumu saa 7 na dakika 50. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa kwa karibu miezi miwili. Watu wa huko wana sababu ya kuwasha mishumaa na kushangilia siku ambayo mwanga unaanza kurudi.

Sisi hatuna giza la kufukuza. Tuna jua linalohama. Desemba, ukisimama Kisumu, linachomoza upande wa Kericho. Juni linachomoza upande wa Nandi Hills. Kivuli chako cha adhuhuri Desemba kinalala kaskazini, na ikifika Juni kimegeuka kinalala kusini. Mkazi wa London haoni jambo hilo kwao hata akiishi miaka mia, kwa kuwa kivuli chake cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Ndiyo maana nashikilia kwamba mtu wa ikweta akitaka kuadhimisha solistasi, yaani siku ambayo jua hufika mwisho wa kuhama kwake kaskazini au kusini, asiige sherehe ya usiku mrefu. Apime jua limefika wapi, aweke alama, kisha ale na watu wake.

Ninayoeleza hapa ndiyo tunayofanya nyumbani kwetu. Hayana gharama: fimbo ya mita moja, chaki, tepu ya kupimia, daftari, na simu yenye bando.

Amua kwanza: Juni au Desemba?

Solistasi ya majira ya baridi ni ile ambayo jua liko mbali zaidi ng'ambo ya ikweta, upande usio wako. Ikweta inapita Maseno. Mji wa Kisumu uko kilomita kama 10 kusini mwa mstari huo, kwa hiyo kwa hesabu ya ramani solistasi yetu ya baridi ni ya Juni, sawa na watu wa Nakuru walio kilomita 30 na ushei kusini. Kakamega iko kaskazini kwa kilomita 30 hivi. Ya kwao ni ya Desemba, kama ya London. Mtu akipanda matatu Kisumu kwenda Kakamega, amebadilisha majira katika safari moja fupi.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi nchini, na huko Nakuru sweta haivuliwi mapema. Mawingu nayo ni mengi. Desemba, mvua za vuli zikishapungua, asubuhi nyingi huwa safi, shule zimefungwa, na walio Nairobi na Mombasa wameanza kurudi ushago. Mimi huchagua Desemba kwa ajili ya watu. Juni naifanya pia, peke yangu, kwa kivuli tu, kwa sababu alama moja bila mwenzake haikuonyeshi jua limesafiri kiasi gani. Ukiweza, fanya zote mbili. Ukiweza moja tu, anza na Desemba.

Swali utakaloulizwa

Ukitoa fimbo uani mchana na kuanza kuchora chini, shangazi mmoja atauliza kama sasa mmeanza kuabudu jua. Swali lake ni la haki na linastahili jibu la heshima. Waislamu wamepima kivuli karne kwa karne ili kujua saa za sala: adhuhuri huingia jua likishapita kilele chake, na alasiri hujulikana kwa urefu wa kivuli. Wenye asili ya Gujarat wana Uttarayan tarehe 14 Januari, sikukuu ya jua kuanza safari ya kaskazini, ambayo huko Gujarat husherehekewa kwa kurusha tiara. Wairani hukesha usiku wa Yalda, ulio mrefu kuliko wote mwakani, wakila komamanga na tikitimaji. Wachina wana Dongzhi, solistasi yao ya baridi, siku ya familia kukaa mezani pamoja. Cusco, nchini Peru, sikukuu ya jua iitwayo Inti Raymi huja tarehe 24 Juni, kwa kuwa wao wako kusini na baridi yao ni ya Juni. Na Newgrange, Ireland, kuna kaburi la mawe lililojengwa yapata mwaka 3200 KK, ambalo tundu lililo juu ya mlango wake limeelekezwa ili mwanga wa macheo ya solistasi ya Desemba upenye ndani kabisa kwa dakika chache, kisha basi hadi mwaka mwingine.

Huna haja ya kuazima ibada ya mtu yeyote kati ya hao. Unachopima ni kazi ya Muumba, na kupima si kuabudu. Shangazi akishaelezwa hivyo mara nyingi yeye ndiye anayeshika tepu.

Wiki moja kabla: tafuta mahali pa kutazamia macheo

Unataka mahali penye upeo wazi upande wa mashariki na kusini-mashariki, na ambapo utaweza kurudi mwezi Machi na Juni usimame palepale. Paa la gorofa linatosha. Sisi hutumia paa la tunapoishi, Kondele, karibu na tangi la maji, na nimepiga doa la rangi mahali pa kuweka miguu. Mwenye usafiri anaweza kupanda Riat, ambako utaona uwanda wa Kano upande mmoja na ghuba ya Winam upande mwingine. Watu wa Nakuru wana ukingo wa kreta ya Menengai.

Sasa tafuta kitu kisichohama kwenye upeo: mnara wa simu, mti mkubwa, pembe ya paa la kanisa. Hicho ndicho kitakuwa kipimo chako. Ukitazama mashariki, Desemba jua litachomoza kulia kwako, Juni kushoto. Ni umbali mkubwa, si wa kukisia. Nyosha mkono mbele yako ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni kama nyuzi 10. Kutoka mashariki kamili hadi mahali jua linapochomoza Desemba ni nyuzi 23 na nusu hivi, yaani ngumi mbili na kidogo. Kutoka kituo cha Desemba hadi cha Juni ni karibu ngumi tano. Watu wengi wameishi Kisumu maisha yao yote wakiamini jua hutokea "pale", mahali pamoja. Wapeleke juu ya paa mara mbili kwa mwaka, watashangaa.

Jambo la kukupa utulivu: siku kumi kabla ya solistasi na siku kumi baada yake, mahali pa kuchomoza hapasogei hata upana wa jua lenyewe. Ndiyo sababu watu wa kale walisema jua limesimama. Machi na Septemba, kwa upande wake, jua husogea karibu robo tatu ya upana wake kila siku. Kwa hiyo tarehe 21 ikiamka na mawingu, usijikasirishe. Tumia tarehe 20, au 23. Hakuna kilichopotea.

Macheo ya Kisumu siku hiyo ni kama saa kumi na mbili na dakika 36 asubuhi. Nakuru hutangulia kwa dakika tano hivi. Fika nusu saa mapema ukiwa na uji kwenye chupa ya chai. Tazama ule ukingo wa kwanza unapotokea, weka alama au piga picha pamoja na mnara wako, kisha geuza macho. Jua likishapanda, usilikodolee hata kwa miwani myeusi, na watoto wasiachiwe darubini.

Kuna kitu ambacho watu huchanganya. Asubuhi za giza zaidi hapa si za Desemba. Ni za Februari, jua linapochelewa hadi saa kumi na mbili na dakika 50 hivi, na watoto wanaenda shule kama usiku. Macheo ya mapema zaidi ni ya mwanzo wa Novemba, saa kumi na mbili na dakika 20 hivi. Mwendo huo hauna uhusiano na urefu wa mchana. Unatokana na mhimili wa dunia ulioinama, na njia yake kulizunguka jua ambayo si duara kamili, mambo ambayo kwa pamoja huifanya adhuhuri ya kweli itangulie au ichelewe saa ya ukutani. Usitumie saa ya macheo kama ushahidi wa solistasi. Tumia mahali.

Adhuhuri: kivuli cha mita moja

Hiki ndicho kiini cha siku, na kama una muda wa jambo moja tu, fanya hili.

Chukua mpini wa ufagio au fito iliyonyooka. Kama uani kuna udongo, ikite ardhini mpaka zibaki sentimita 100 kamili juu ya ardhi. Kama ni sakafu ya saruji, jaza mchanga kwenye kopo la rangi la lita nne, simamisha fimbo katikati, kisha pima sentimita 100 kutoka sakafuni hadi nchani. Sakafu iwe sawa: mwaga maji kidogo, yakikimbilia upande mmoja hamia pengine. Fimbo isimame wima. Timazi ya fundi ndiyo bora. Ukikosa, funga jiwe dogo kwenye uzi, lining'inize kando ya fimbo, na ulinganishe kutoka pande mbili. Fimbo ikiinama kidogo tu, kipimo chote kimeharibika.

Kuanzia saa sita na dakika 20 hadi saa saba kamili, kila baada ya dakika tano, weka nukta ya chaki kwenye ncha ya kivuli. Utaona kwamba ncha hiyo haikatiki kama wembe. Ina ukungu wa karibu sentimita moja, kwa kuwa jua si nukta bali ni duara lenye upana, na kila pembe ya duara hilo inatupa kivuli chake. Weka nukta katikati ya ukungu. Mtoto mwenye macho mazuri hufanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima, na hachoki.

Nukta hizo zitajipanga katika mstari uliopinda kidogo. Ile iliyo karibu zaidi na mguu wa fimbo ndiyo adhuhuri yako ya kweli. Kwa Kisumu itaangukia kama saa sita na dakika 39, kwa Nakuru saa sita na dakika 34. Watu huuliza kwa nini si saa sita kamili. Saa ya Kenya imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti Kenya hata kidogo, unapita Somalia. Kila unavyokwenda magharibi, jua linachelewa kukufikia. Ndiyo maana wakati wa adhuhuri huingia Mombasa takriban dakika 20 kabla haujaingia Kisumu.

Sasa pima kutoka mguu wa fimbo hadi nukta hiyo. Ukiwa Kisumu utapata sentimita 43, ukikosea kidogo 42 au 44. Chora mstari kutoka mguuni hadi hapo, na huo mstari unaelekea kaskazini kamili, tena kwa uhakika kuliko dira ya simu ambayo huyumbishwa na mabati na nondo. Andika mwaka kwa rangi ya mafuta pembeni. Uwanja wetu una alama upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini, na wageni wakiuliza ni za nini tunawaeleza kwamba hapo ndipo kivuli hufika mwisho, Desemba kaskazini na Juni kusini.

Juni kipimo kitakuwa karibu 44, upande wa pili wa fimbo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kilomita 10 zinazotutenganisha na ikweta. Ukiwa na jamaa Kakamega mwambie apime naye: kwake Desemba ndiyo 44 na Juni ndiyo 43, kinyume chetu. Na karibu tarehe 20 Machi na 22 au 23 Septemba, fimbo hiyohiyo adhuhuri hubaki bila kivuli cha maana.

Ukiwa na mtu London, pimeni dunia pamoja

Dadangu ni muuguzi London. Desemba hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na siku ya solistasi akiwa na zamu ya mapumziko tunafanya hesabu hii kwa simu. Adhuhuri yao ya kweli ni dakika mbili kabla ya saa sita ya kwao, ambayo kwetu ni saa tisa kasoro dakika mbili alasiri. Jua lao wakati huo liko nyuzi 15 tu juu ya upeo. Fimbo ya mita moja huko hutupa kivuli cha mita 3.7. Kwa kuwa uwanja wa kutosha ni shida, yeye hutumia fimbo ya nusu mita na kuzidisha mara mbili.

Kila mmoja achore pembetatu yake kwenye karatasi kwa kipimo kidogo, apime pembe ya juu kwa kipimapembe cha mtoto wa shule. Yetu ni kama nyuzi 23. Ya kwao ni kama 75. Tofauti ni nyuzi 52 hivi, ambayo ni karibu sehemu moja ya saba ya duara zima. Sasa umbali kutoka latitudo ya Kisumu hadi ya London, ukipima moja kwa moja kusini-kaskazini, ni kilomita 5,700 hivi. Zidisha kwa saba: 39,900. Mzunguko wa dunia kupitia ncha zake ni kilomita 40,000 na kidogo. Umeupata kwa mpini wa ufagio.

Njia hii ni ya Eratosthenes wa Alexandria, aliyeishi karne ya 3 KK. Yeye alitumia Alexandria na Syene, ambayo leo ni Aswan, siku ya solistasi ya Juni, jua linapokuwa karibu utosini mwa Syene. Wanafunzi wa sekondari huisoma kwenye vitabu. Mpwa wangu aliifanya na mama yake aliye ng'ambo, na hiyo ni elimu ya namna nyingine.

Machweo: pigeni simu wakati mmoja

Tarehe 21 Desemba, jua la Kisumu huzama kama saa kumi na mbili na dakika 43 jioni. Jua la London huzama saa tisa na dakika 53 alasiri kwa saa yao. Ongeza saa tatu za tofauti: kwetu ni saa kumi na mbili na dakika 53. Zinapishana dakika kumi! Kipindi hicho cha Desemba, na si Juni, mtu aliye Dunga, ufukweni mwa Kisumu, na mtu aliye London wanaweza kutazama machweo pamoja kwenye simu moja. Sijui jambo lingine la mbinguni linalofaa familia za siku hizi kuliko hili.

Mweleze mapema aliye huko. Jua lao linazama kusini-magharibi, chini kabisa, kwa hiyo apande kilima au asimame kwenye dirisha la ghorofa ya juu upande huo. Wewe nenda ufukweni. Dunga na Hippo Point ni pazuri, na jua litashuka upande wa Uyoma na Rusinga. Pigeni simu saa kumi na mbili na nusu, msalimiane, kisha mnyamaze kidogo. Letu hushuka karibu wima na kuondoka haraka. Lao hushuka kwa mshazari, polepole.

"Lako limeisha?"

"Limeisha, dada. Lako?"

"Bado nusu kidole."

Dakika ishirini na kitu baadaye kwenu ni giza, na yeye bado ana mwanga wa kutembea kurudi nyumbani. Kukiwa na mawingu upande wake, na mara nyingi yapo, mwambie akueleze rangi tu.

Walio Marekani mashariki hawaingii kwenye mpango huu wa machweo. New York jua huzama saa sita na nusu usiku wetu. Hao uwape macheo: jua lao huchomoza saa moja na dakika 17 asubuhi kwao, ambayo kwetu ni saa tisa na dakika 17 alasiri. Walio Doha wanatumia saa sawa na yetu, ila jua lao huzama kabla ya saa kumi na moja. Wapigie wakiwa wametoka kazini.

Tahadhari ya ufukweni si ya kupuuza. Viboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, na ujasiri wako hauna uzito mbele ya kiboko. Kaeni mahali penye watu, waulizeni wavuvi wa hapo ni wapi wamewaona, msikae kati ya maji na njia yao, na ondokeni giza likiingia. Jipakeni dawa ya mbu.

Usiku

Chakula kiwe kile mnachokula mkifurahi. Kwetu ni ugali wa mtama, ngege (samaki aina ya sato) wa kuchemsha, osuga (mboga ya mnavu) iliyotiwa maziwa. Kwa Wairani tumeazima tikitimaji, kwa sababu Desemba ya Kisumu ni joto na linakata kiu. Zima taa za umeme kwa saa moja, washa moja tu. Saa hiyo si ya kuiga giza la kaskazini, ni ya kuwaondoa watu kwenye runinga ili wapande juu kutazama nyota.

Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, kitakuwa juu upande wa kaskazini-mashariki baada ya chakula. Waswahili wa pwani walipangia kilimo kwa nyota hizo, wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Halafu kuna zile nyota tatu zilizopangana mstari katikati ya kundi la nyota liitwalo Orion. Zenyewe ziko karibu juu ya ikweta ya mbingu, nasi tuko karibu juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo huvuka utosini. Usiku wa solistasi ya Desemba hufika hapo saa sita na dakika 10 hivi usiku. Tandika mkeka juu ya paa, lala chali. Shingo haitauma.

Usiku usio na mwezi utaona pia taa za wavuvi wa omena, yaani dagaa, huko ziwani, nyingi, kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mwezi ukiwa mkubwa hupungua, kwa kuwa omena hawafuati taa vizuri kukiwa na mbalamwezi.

Daftari

Andika tarehe, saa ya macheo, upande gani wa mnara, sentimita za kivuli, aliyepiga simu. Kisha andika nani katika ukoo amehama mwaka huu na yuko wapi sasa. Sisi huandika majina yote, hata ya waliozikwa, na mkubwa wa nyumba ndiye anayeshika kalamu.

Tarehe za kuweka kwenye kalenda, kwa saa za Kenya

Desemba 2026: Jumatatu tarehe 21, saa tano na dakika 50 usiku. Hiyo ni karibu sana na saa ambayo zile nyota tatu za Orion ziko utosini, kwa hiyo kesheni. Mwezi utakuwa umebakiza siku mbili kujaa. Kilimia kitafifia na taa za omena zitakuwa chache.

Juni 2027: Jumatatu tarehe 21, saa kumi na moja na dakika 11 jioni. Kivuli cha adhuhuri kinalala kusini. Usikose kipimo hiki kama uliweka alama ya Desemba.

Desemba 2027: Jumatano tarehe 22, saa kumi na moja na dakika 42 alfajiri. Mwezi usiku huo utachomoza baada ya usiku wa manane, kwa hiyo mapema jioni ya tarehe 21 ziwa litakuwa na giza zuri la kutazama taa. Safari hii shughuli kubwa iwe macheo, kwa kuwa yatafuata chini ya saa moja baada ya jua kugeuka. London itakuwa saa nane na dakika 42 usiku. Waache walale, uwapigie jioni.